Kiti cha Bei

Mimi na dada yangu tunakodisha viti na maturubai. Ukioa, ukifiwa, ukitaka kugombea uongozi, utatupitia tu, maana hakuna jambo la maana ambalo watu hulifanya bila kutafuta mahali pa kukaa. Biashara tuliachiwa na baba. Dada ndiye mwenye akili yake, mimi ndiye mwenye mdomo. Mteja akichelewa kurudisha viti, dada humpigia simu kumjulia hali. Mimi humwendea.

Stoo yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Viti vya plastiki vimepandana kwa marundo mpaka karibu na dari, maturubai yamekunjwa upande wa kulia, na kamba zinaning'inia ukutani. Muda wote pananuka sabuni, kwa sababu kila Jumatatu tunaosha viti, na huwezi kuamini vitu ambavyo wageni waalikwa, watu wazima na suti zao, hubandika chini ya kiti. Karibu na mlango kipo kiti kimoja cha mbao, cha kukunja, kilichobaki katika vile alivyoanza navyo baba. Hicho hatukikodishi. Hicho ni kiti cha bei.

Baba hakupenda mambo ya kuandikishana. Mkishaelewana, alikukalisha kwenye kile kiti, ukaitamka bei kwa sauti, ukainuka. Kisha naye akakaa, akaitamka bei ileile, akainuka. Basi, imekwisha. Mvua inyeshe, mafuta ya gari yapande, bwana harusi akimbie, bei haiguswi. Dada aliurithi utaratibu huo na kuushika kama dini, hata pale mimi nilipotaka tujifanye tumesahau. Ndiyo maana watu walitoka mbali kuja kwetu, wakiwaacha wenye viti vipya kuliko vyetu.

Sasa, dada alikuwa na ndoto moja, na haikuwa ya siri. Alikuwa analitaka hema la Mzee Kamba. Huyu mzee alikuwa mpinzani wetu tangu enzi za baba, mtu wa maneno machache na magoti mabovu, na alikuwa na hema kubwa la vyuma, jeupe, lenye madirisha ya plastiki, ambalo likisimama uwanjani harusi ya mtu yeyote hugeuka ya waziri. Magoti yalipomshinda alimwita dada, akamwambia kwamba mwenye ukumbi wa pale barabarani analililia hilo hema, ila yeye angependa libaki kwa watu wanaojua kufunga kamba. Dada alikuwa ameshaweka akiba yake. Siku ya kuketi ilikuwa imeshapangwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaringia majirani.

Hapo ndipo ilipopitishwa ile sheria. Kodi ya vifaa vya hafla, waliiita. Viti, maturubai, spika, mapambo, vyote vya kukodisha vilipiwe kodi. Hilo pekee tungelivumilia, maana kodi tumezizoea kama mbu. Kilichotutoa macho ni kipengele cha mwisho: kodi ihesabiwe kuanzia uchaguzi uliopita. Maana yake, ilikuwa imeanza kudaiwa miaka kadhaa kabla haijazaliwa. Na ili tusiseme tumeonewa, sheria ilituruhusu kuwadai wateja wetu wa zamani sehemu yao.

Dada alisoma barua ya mamlaka ya kodi akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nakumbuka siku yoyote ambayo sisi tulimwongezea mtu bei baada ya kuinuka. Nikamwambia hakuna. Akaikunja ile barua, akaenda kulipa. Alilipa kwa akiba ya hema.

Mimi sikulala na hasira zangu. Kama sheria inasema tuwadai wateja, nilisema, basi tutawadai, na nikatoka bila kumuaga dada. Nilianza na wale maharusi wa miaka miwili nyuma. Nilimkuta bibi harusi anaogesha mapacha. Nikamweleza kwamba harusi yake imepanda bei. Aliniuliza kama na hao watoto wamepandishwa, au wao aendelee kuwaogesha kwa bei ya zamani. Kutoka hapo nikaenda kwa wale ambao ndoa yao ilishavunjika. Mume alisema viti vilikaliwa na ukoo wa mke. Mke alisema yeye siku ile alisimama kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya lile gauni, na kama kuna kodi ya kusimama, aitwe. Nikaenda mpaka kwa kinyozi mmoja aliyemzika baba yake kwa turubai letu. Huyo alinisikiliza vizuri kuliko wote, mkasi mkononi, halafu akasema nimwachie, atamfikishia marehemu wakionana.

Nilizunguka hivyo wiki nzima. Hakuna aliyenipa hata shilingi, na nilipata aibu za kunitosha mpaka uzeeni. Lakini kila nilipopita niliacha watu wamesimama mlangoni, wakiulizana hiyo sheria ni ya nani na ilipita lini.

Mtaani kwetu biashara ziliingia baridi. Si kwamba watu walifilisika, la. Waliogopa tu. Mwenye spika alizihamishia spika zake chumbani kwa mama mkwe wake, akawa anazitembelea. Mpambaji alikuwa ameagiza taa mpya, akaziacha hukohuko. Mpiga picha aliapa hatanunua kamera, kwa sababu mwakani wanaweza kuamka na kodi ya kila mtu aliyewahi kutabasamu. Ukimuuliza mtu kwa nini hapanui duka, anakuambia atapanua akishajua mwaka jana utamgharimu kiasi gani.

Na dada yangu, ambaye hakuwahi kuogopa hata mafuriko yaliyoingia stoo, naye aliingia baridi. Siku moja tunaosha viti akaniambia, bila kuinua uso kwenye beseni, kwamba hema hataki tena. Atamwambia Mzee Kamba alipeleke kwa mwenye ukumbi. Na uchaguzi ukipita, akasema, atamuuzia huyohuyo mwenye ukumbi na viti vyote, ili sisi tupumzike.

Nilimwambia hatujachoka.

"Si kuchoka, mdogo wangu," akasema. "Kununua kitu ni kuiamini kesho. Mimi hata jana siiamini tena."

Niliogopa, na sioni aibu kusema. Nje ya ile stoo mimi sijui hata ningejiita nani. Nilimwomba Mzee Kamba angoje mpaka uchaguzi upite kabla hajampa mtu hema lake. Alinung'unika, akashika magoti yake, akasema atangoja, ila asingojeshwe kama basi bovu.

Kampeni zikapamba moto. Mheshimiwa wetu, mbunge, alikuwa anatetea kiti chake, na kama kawaida alikuja kutafuta viti vyetu kwa ajili ya mkutano wa kufunga kampeni. Si mtu mbaya, mheshimiwa. Mchangamfu, anajua majina ya watoto wa watu, na harusi ya binti yake tuliihudumia sisi. Aliingia stoo na mweka hazina wake, mtu mwembamba aliyekuwa anakokotoa kitu kwenye simu tangu mlangoni. Akatusalimia vizuri, akaeleza idadi anayoitaka na siku anayoitaka. Kisha, kama mtu mwenye kuujua utaratibu wa nyumba, akakiendea kile kiti cha mbao.

Dada alikitangulia. Alikikunja, akakiegemeza ukutani.

"Safari hii hapana, mheshimiwa," akasema. "Viti utapewa. Bei nitakuambia baada ya uchaguzi."

Mheshimiwa akacheka, akidhani anataniwa. Dada hakucheka. Akamweleza kwamba huenda bei ikawa ileile ya siku zote. Huenda pia mwakani akaona ilikuwa ndogo, akamwendea kumdai nyongeza. Kwa sasa hawezi kumwambia, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hajui.

Mweka hazina aliacha simu yake. Akasema haiwezekani, yeye ana bajeti, hawezi kupanga kitu kwa bei ambayo inaweza kumrudia kisogoni mwaka unaofuata. Mtu gani mwenye akili atafanya kazi hivyo? Alisema hayo kwa uchungu kabisa, na ndipo akasikia alichokisema. Akairudia simu yake, akawa anaitazama tu bila kugusa kitu.

Mimi nilikuwa na maneno kifua kizima, lakini dada alinikanyaga mguu.

Mheshimiwa alishusha sauti. Akasema yeye na dada ni watu wa siku nyingi, na alishawahi kuketi kwenye kiti hicho.

"Uliketi," dada akasema. "Ukaitamka bei, na mimi nikaitamka, tukainuka. Halafu wewe ukaenda kuinua mkono, na ile bei ikabadilika. Nilikuwa nangoja uje unieleze, kwa sababu baba hakutufundisha la kufanya hapo."

Mheshimiwa alitufungulia moyo palepale, maskini. Alisema siku ile ya kura bungeni walikuwa na karatasi nyingi, wenzake waliinua mikono, naye akainua. Hakufikiria kwamba kipengele cha mwisho kinaingia mpaka kwenye harusi ya binti yake. Dada akamwambia anaamini. Alimkaribisha maji, akanywa, akaondoka bila viti.

Alikwenda kwa wengine. Lakini maneno husafiri haraka kuliko gari la mheshimiwa, na kila alikogonga aliambiwa kwamba vitu vipo, bei baada ya uchaguzi. Mwenye spika alimwambia hivyo akiwa chumbani kwa mama mkwe. Mkutano wa kufunga kampeni watu walihudhuria wakiwa wima, juani, na hotuba ikawa fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Wapo waliosema ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Mpinzani wake alikuwa mkunga wa hospitali yetu, mama mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamuru, ambaye nusu ya wapiga kura wa mtaa huu aliwapiga kofi la kwanza yeye. Naye alikuja kutafuta viti. Dada alimweleza kilekile alichomweleza mheshimiwa. Mkunga akamuuliza hicho kiti kilichokunjwa ni cha nini, na dada akamsimulia. Mkunga akakikunjua mwenyewe, akakaa, nacho kikalia kwa uzito wake.

"Siwezi kukuahidi pesa zako zitarudi," akasema. "Naahidi hiki tu: tukishainuka, sigeuki. Bei ya viti ni kiasi gani?"

Niliziba mdomo wangu kwa mkono ili usije ukaharibu. Dada akataja bei. Mkunga akaitamka, akainuka. Na dada yangu akakaa.

Nilitaka kushangilia, lakini nilijua bado. Kukodisha viti kwa siku moja ni jambo moja, kununua hema ni jingine. Usiku wa kuamkia uchaguzi aliniambia hata kupiga kura hatakwenda, kwa sababu kura ni ya watu wanaopanga mambo.

Nilikwenda peke yangu asubuhi, nimenuna, kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Foleni ilikuwa imezunguka uwanja na kutokea barabarani. Nilitafuta mwisho wake, na njiani nikawa naona sura ninazozijua. Yule mama wa mapacha, pacha mmoja mgongoni na mwingine kwa mumewe. Wale walioachana, wamesimama karibu karibu kuliko nilivyotarajia, wanasemana kuhusu gauni. Kinyozi alinipungia mkono, akaniambia marehemu anasalimia. Wote walikuwa na hasira ya sheria, na wote waliisikia kwangu, mlangoni kwao, siku zile nilipodhani najichukiza bure. Kumbe nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba napiga kampeni, tena bila posho. Nilicheka peke yangu mpaka aliyekuwa mbele yangu akageuka.

Jua lilipokuwa kali nilimwona dada. Alikuwa nyuma kabisa ya foleni, amevaa kitenge chake cha kazini, kilicholowa sabuni upande mmoja. Hakunitazama. Nami nilijifanya sikumwona, kwa sababu namjua, ningemsifu angerudi nyumbani.

Mkunga alishinda. Mheshimiwa alilipokea vizuri kuliko wafuasi wake, na wiki mbili hazikupita akaja kukodi viti vya sherehe ndogo ya kuwaaga watu wake. Safari hii dada alimkunjulia kiti bila kuombwa. Alikaa, akaitamka bei, akainuka, na akalipa yote siku hiyohiyo. Nilimpenda kidogo.

Lakini hema bado. Mwenye ukumbi alipita mara moja, akapita mara ya pili, akipima marundo ya viti kwa macho. Mzee Kamba alinitumia ujumbe kwamba basi bovu linaanza kumchosha. Dada kila siku alisema tungoje tuone bunge jipya litafanya nini. Miezi ikaenda. Nilikuwa naosha viti kwa hasira mpaka vingine vikapoteza rangi.

Kisha Jumatatu moja, tuko kwenye sabuni, mkunga akaingia. Tulishazoea kumwita mheshimiwa, ila sura ile haikuwa ya uheshimiwa, ilikuwa sura ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Dada akamfutia kiti cha plastiki. Mzee Kamba naye alikuwepo, amekuja kuuliza la mwisho, ameegemea mlango kwa ajili ya magoti yake.

Mkunga akasema bunge limekifuta kile kipengele cha kurudi nyuma. Kodi sasa ni ya mbele tu, na sheria yoyote ya kodi itaanza siku ilipopitishwa au baadaye. Niliruka. Niliuliza pesa zetu tunaenda kuzichukua dirisha gani.

Akatazama mikono yake. "Ufutaji wenyewe umeanza leo," akasema. "Haurudi nyuma. Waliokwishalipa ndiyo wameshalipa."

Hapo mdomo wangu ulijifungua wenyewe. Nilisema yote. Nilisema sheria ya kuchukua ilijua njia ya kurudi miaka yote ile gizani bila taa, lakini sheria ya kurudisha imefika mlangoni imepotea. Nilisema tumelipa harusi za watu walioachana. Nilisema mambo mengine ambayo mkunga, kwa kuwa ni mkunga, alikuwa amewahi kuyasikia. Na nikiwa katikati nikasikia sauti nyuma yangu. Nilidhani dada analia.

Alikuwa anacheka. Amekaa kwenye beseni lililogeuzwa, mikono yote ina povu, anacheka mpaka machozi yanateremka, na kila akinitazama anaanza upya. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku ya barua. Mzee Kamba, ambaye hakuwa ameelewa kitu, naye akaanza kucheka mlangoni.

"Wewe unachekelea nini?" nikamuuliza. "Zilikuwa pesa za hema."

"Zilikuwa," akasema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Nazitaka, mdogo wangu, usidhani sizitaki. Lakini nikiwaomba warudi nyuma kwa ajili yangu leo, kesho watarudi nyuma kwa ajili ya mwingine. Hiyo njia naitaka ifungwe, hata kama mimi ndiye nimebaki upande wa pili."

Mpaka leo mimi sikubaliani naye. Walitakiwa kuturudishia, na siku nikipewa kipaza sauti nitasema. Mkunga mwenyewe alikiri kwamba aligombania hilo akashindwa kwa kura chache, na kwamba atalirudia, nami huwa namkumbusha kila tukikutana, hata akiwa kwenye mazishi.

Lakini siku ile sikupata nafasi ya kuendelea, kwa sababu dada alikuwa ameshainuka, anakunjua kiti cha bei. Akamwambia Mzee Kamba kwamba pesa zote kwa pamoja hana tena, kama atakubali kidogo kidogo, kila harusi na sehemu yake. Mzee Kamba akasema yeye na magoti yake hawana safari, wako tu. Wakaelewana pale pale. Alimsogelea yule mzee, akamshika mkono, akamketisha taratibu. Mzee akaitamka bei, na kumwinua ikawa kazi ya watu wawili.

Kisha dada akakaa. Akaitamka bei ileile, wazi, mpaka nje wakasikia. Kiti kilikuwa kimerukiwa na maji ya kuoshea, nami nilikuwa nimesahau kukifuta. Alipoinuka, kitenge kilikuwa kimelowa nyuma, duara kubwa. Nilimwambia. Akasema litakauka njiani, akatoka hivyohivyo kwenda kuliona hema lake.